Namba ya Robo Ijayo

Mpaka anafikisha miaka arobaini na saba, Bi Takwimu alikuwa hajawahi kupigwa na mtu mzima mwenzake. Utotoni alichapwa kama watoto wote, na marehemu mumewe alikuwa mtu wa kununa, si wa kuinua mkono. Kwa hiyo kofi lilipomkuta kwenye ua wa kiwanda cha sabuni, saa mbili na nusu asubuhi, alichohisi kwanza hakikuwa maumivu. Ilikuwa aibu, kama mtu aliyevukwa na nguo mbele ya wakwe.

Aliyempiga alikuwa mwanamke anayemfahamu, mfungaji katoni na katibu wa chama cha wafanyakazi, ambaye wenzake walimwita Nyundo. Lakini kofi hilo lilianza safari yake wiki mbili nyuma.

Bi Takwimu alikuwa mdadisi wa idara ya takwimu. Kila baada ya miezi mitatu alizunguka viwanda kumi na sita akiwa na mkoba wa ngozi na dodoso la kurasa nne, akiuliza watu wangapi wameajiriwa. Vilikuwa viwanda vya vitu ambavyo vitabu vya serikali huviita bidhaa zisizodumu: sabuni, biskuti, unga, uzi, viberiti, karatasi za chooni. Vitu unavyonunua leo, kesho kutwa vimekwisha. Wafanyakazi walikuwa na mzaha wao juu ya jina hilo. "Mama, andika hapo," walimwambia, "bidhaa zisizodumu hutengenezwa na watu wasiodumu." Mwaka wa kwanza alicheka nao. Mwaka wa tatu hakuweza tena, maana majibu aliyatembeza mkobani. Kiwanda cha uzi kilikuwa kimepunguza nusu ya watu wake. Cha viberiti kilibaki na walinzi na paka. Cha sabuni kilitoka watu mia sita na kumi na wawili hadi mia tatu themanini na wanane, na huku watu wakishuka, tani za sabuni zilikuwa zinapanda.

Pale kwenye sabuni alipokelewa na Afisa Utumishi, kijana wa heshima aliyefuta kiti kwa leso yake kabla ya kumkaribisha mgeni. Alijibu maswali yote bila kubabaika mpaka la tisa: unatarajia kuwa na wafanyakazi wangapi robo ijayo? Hapo aliinuka, akafunga mlango, akarudi kukaa.

"Hili linabaki siri, mama?"

"Kwa mujibu wa sheria. Nimekula kiapo."

"Mia moja na arobaini."

Kalamu ilisimama. "Kutoka mia tatu themanini na wanane?"

"Mashine za kufunga ziko njiani. Zilizobaki ni kazi za kubeba, na hizo tutachukua vibarua kwa siku." Alitazama mikono yake. "Mimi sikuipanga namba hiyo, mama. Nimepewa."

Bi Takwimu akaandika, akashukuru, akaondoka. Angeishia hapo, kisa hiki kisingekuwapo. Lakini mume wa mdogo wake alikuwa mpishi wa sabuni katika kiwanda hichohicho.

Jumapili alikwenda kwao kula chakula cha mchana. Shemeji yake, ambaye hata nyumbani aliitwa Mpishi, alikuwa na furaha. Kiwanda cha kukamua mafuta cha mji mwingine kilikuwa kimemwandikia barua kikimtaka, naye alikuwa amekwisha kata shauri.

"Kesho nawajibu kwamba siendi," alisema. Mikono yake ilikuwa na mabaka meupe ya kostiki, yale magadi makali ya kupikia sabuni, ambayo yakigusa ngozi hayaombi radhi. "Ijumaa Afisa Utumishi alipanda juu ya mbao za mizigo mbele yetu sote, akasema hakuna atakayeguswa. Miaka kumi na tisa, shemeji. Nikaanze upya kwa watu nisiowajua?"

"Usiwajibu hivyo, shemeji."

"Kwa nini?"

Alimtazama mdogo wake, aliyekuwa akipakua wali, akawatazama wapwa zake wawili waliokuwa wakigombania kijiko. Akasubiri watoto watoke.

"Robo ijayo mtabaki mia moja na arobaini."

Mdogo wake akaweka sufuria chini.

"Maneno haya yafie hapa," Bi Takwimu akasema. "Yakitoka nje, mimi sina kazi, na kesi juu."

"Yamefia hapa," akajibu Mpishi.

Na alimaanisha. Alikaa nayo siku tano kama mtu aliyebeba kaa la moto mdomoni. Siku ya sita, wakati wa mapumziko, alikaa na mkata sabuni, mtu mzima mpole aliyeitwa Mzee wa Nyaya kwa sababu kazi yake ilikuwa kusukuma mabamba ya sabuni kwenye nyaya zilizokazwa mpaka yatoke miche. Mzee alikuwa amebakiza miezi kumi na moja afikishe muda wa pensheni. Siku hiyo alimweleza Mpishi kwamba ameanza kung'oa paa la nyumba yake aezeke upya, maana mambo kazini sasa ni shwari.

"Usiling'oe, mzee wangu," Mpishi alisema, na kabla hajajizuia alikuwa amekwisha sema na namba, na nani aliyempa.

Alikuwa amemwaga mtama penye kuku wengi. Jioni hiyohiyo kiwanda kizima kilijua. Jumamosi Nyundo aliingia ofisini kwa Afisa Utumishi na kumuuliza ana kwa ana. Afisa akasema ni uzushi wa mlevi mmoja. Basi watu wakagawanyika: wengine walimwamini Mpishi, wengine wakasema amenunuliwa na kiwanda cha mafuta ili aivunje nguvu sehemu ya upishi. Jumapili usiku mtu alipasua dirisha la nyumba yake kwa kipande cha bomba.

Jumatatu mkuu wa kazi wa Bi Takwimu alilirudisha dodoso la sabuni mezani kwake. Ukurasa wa tatu haukuwa na muhuri. "Kimbia ukaugonge, urudi," alimwambia. Naye, asiyejua lolote, akachukua mkoba.

Alipofika, geti lilikuwa wazi na mlinzi hayupo. Katikati ya ua lilisimama lori lililoleta vibarua wapatao arobaini, na wafanyakazi wa kudumu walikuwa wamelizunguka. Walinzi walijipanga mbele ya mlango wa kufungia katoni, marungu mkononi. Alisikia mtu akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hawa ndio watu wa robo ijayo." Kisha kibarua mmoja akavutwa mguu kutoka juu ya lori. Aliangukia mgongo, na kabla hajapumua viatu vinne vilikuwa usoni mwake.

Walinzi wakaingia. Rungu la kwanza lilimpata mfunga katoni mmoja begani, na Bi Takwimu akausikia mfupa ukivunjika, mlio mkavu kama wa kuni. Wafanyakazi wakang'oa mbao za mizigo, zenye misumari na zisizo na misumari. Ua ule ulikuwa na utelezi wa sabuni ya miaka mingi, na aliyeanguka hakuinuka. Alitambaa, akateleza, akapigwa, akatambaa tena. Damu ikachanganyika na ule utelezi ikawa povu la rangi ya waridi. Mlinzi mmoja alikaa chini akiwa ameshika sikio lake mkononi, akilitazama kama anayejiuliza lirudishweje. Vibarua waliokuwa bado juu ya lori walipiga ubavu wa gari kwa ngumi wakimwomba dereva aondoe, lakini dereva alikuwa amekwisha kukimbia na ufunguo.

Bi Takwimu akarudi kinyumenyume kuelekea getini, amekumbatia mkoba. Mkoba ndio uliomponza.

"Huyo hapo mwenye orodha," mtu akasema.

Ndipo Nyundo alipomjia na kumzaba kofi. La pili lilimpasua mdomo. Watu wakamshika mikono, mkoba ukanyakuliwa, karatasi zikamwagika kwenye povu. Mtu alimvuta nywele kwa nyuma ili uso wake uonekane.

"Tunaikuta wapi hiyo namba, mama?" Nyundo aliuliza. Alikuwa analia, na kulia kwenyewe hakukumzuia kupiga. "Ukurasa wa ngapi?"

Hakusubiri jibu. Wakamburuta mpaka ndani ya ukumbi wa kupikia.

Humo kulikuwa na joto la birika kubwa za chuma, na sabuni iliyoachwa bila mwangalizi ilikuwa inapanda na kumwagikia sakafuni. Kati ya birika ya pili na ya tatu alikuwa amepigishwa magoti Afisa Utumishi. Pua yake ilikuwa imelala upande mmoja, shati lote jekundu. Hatua tano kutoka kwake alisimama Mpishi, mgongo ukutani, na watu watatu wenye mabomba mbele yake. Jicho lake moja lilikuwa limefunga kwa uvimbe.

"Mwachieni," Mpishi akasema alipomwona. "Huyo ni shemeji yangu."

"Tunajua ni shemeji yako," Nyundo akajibu. "Kama namba ilitoka kwake, atasema. Kama uliitunga wewe kuwagombanisha watu na kazi zao, leo utakunywa sabuni hii."

Afisa Utumishi akainua kichwa. Alizungumza taratibu, damu ikimwingia mdomoni. "Mama huyu hana namba yoyote. Waambie, mama. Waambie hakuna kitu kama hicho."

Alikuwa anamtazama machoni. Mpishi naye alikuwa anamtazama. Bi Takwimu aliiona hesabu yote mara moja, bila karatasi. Akikana, wale watu watatu wenye mabomba wangemaliza kazi yao. Akikubali, ni huyu aliyefuta kiti kwa leso. Hakufikiria kiapo. Baadaye mahakamani walimuuliza kama alifikiria kiapo, akasema hapana.

"Mia moja na arobaini," alisema.

Mabomba yakashuka. Birika ikasikika inavyotokota. Mtu mmoja akacheka kidogo, cheko la aliyeambiwa jambo analolijua.

Hakuna aliyemwangalia Mzee wa Nyaya. Alikuwa amesimama kando ya pipa la maji ya kostiki, na mfuniko ulikuwa pembeni. Alichota kwa jagi la kupimia, polepole, bila kumwaga tone, kama alivyofanya kila kitu kwa miaka ishirini na saba. Akapiga hatua nne. Akammwagia Afisa Utumishi usoni.

Ukelele uliotoka haukuwa na neno ndani yake. Watu walioapa kumtoa roho dakika moja nyuma walirudi nyuma wote. Afisa alijipiga sakafuni, akijikwaruza macho kwa vidole, na kila alipoparua ngozi ilitoka.

Mpishi ndiye pekee aliyejua la kufanya. Aliwapita wale watatu kama si watu, akamshika Afisa kwapani, akaanza kumburuta kwenda kwenye bomba la maji ukutani. Mmoja akaona anamwokoa adui, akampiga bomba mgongoni. Mwingine akampiga mkononi, mkono ukavunjika chini ya kiwiko. Mpishi akaendelea kuburuta kwa mkono mmoja. Walimpiga mpaka bombani na hakugeuka hata mara moja kuona nani.

"Shemeji," aliita, "nifungulie maji."

Bi Takwimu alijikuta amekwisha fika. Alifungua bomba mpaka mwisho. Mpishi alimkandamiza Afisa kichwa chini ya maji kwa uzito wa mwili wake.

"Mfumbue macho. Kwa vidole. Usiogope kumuumiza."

Akapiga magoti, akamfumbua kope. Zilikuwa zinateleza, na ncha za vidole vyake zikaanza kuwaka. Afisa akang'ata, akapiga teke, akaomba mama yake. "Usifumbe macho," Mpishi alikuwa anamwambia sikioni, tena na tena. "Usifumbe, ndugu yangu. Dakika ishirini tu. Usifumbe." Nyuma yao watu walikuwa wanakimbia.

Dakika ishirini hazikufika. Polisi waliingia kwa mlango wa nyuma wakamkuta mtu mwenye mikono iliyoungua na kostiki amemkalia Afisa Utumishi, amemshika kichwa. Hawakuuliza. Rungu la kwanza lilimpata Mpishi kisogoni, na waliendelea kumpiga hata alipokuwa amelala juu ya mkono wake uliovunjika. Bi Takwimu aliwarukia. "Anamsaidia, jamani, anamsaidia," alisema, mpaka mmoja akamsukuma kwa buti la tumbo, akakaa chini, asipate pumzi ya kusema kitu tena.

Siku ile walikufa wawili: kibarua aliyevutwa kutoka kwenye lori, na mlinzi mmoja aliyeanguka akapigwa kichwa sakafuni. Afisa Utumishi alipoteza jicho moja, na la pili likabaki na mwanga wa kubahatisha. Kiwanda kilifungwa wiki tisa. Kilipofunguliwa kilikuwa na mashine mpya na watu tisini na sita. Ile namba aliyoisema haikuwa kweli hata kidogo. Ilikuwa kubwa mno.

Mpishi alishtakiwa kwa kumjeruhi Afisa.

Mdogo wake Bi Takwimu alimkuta hospitalini, vidole vimefungwa bandeji. Hakukaa.

"Ungenyamaza, dada."

"Ningenyamaza wangemuua mumeo."

"Ungenyamaza Jumapili, nyumbani kwangu."

Akaondoka. Hawakusemeshana kwa miezi saba. Simu ilikatwa, watoto hawakuja kumwamkia mama yao mkubwa. Bi Takwimu aliendelea na kazi, maana idara ilikuwa haijajua namba ilivujia wapi, na watu wote waliokuwa ukumbini walikuwa wamekuwa vipofu na viziwi. Hakuna aliyeona jagi. Hakuna aliyesikia mtu akitaja mia moja na arobaini. Akinyamaza, anabaki na mkoba wake, na shemeji yake anakwenda jela. Nao usingizi ulikuwa umemhama.

Siku ya kesi alivaa gauni lake la harusi za watu, akapanda kizimbani, akapiga moyo konde. Alieleza Jumapili ile, wali, watoto wakigombania kijiko. Akaeleza kiapo alichokivunja. Bosi wake, aliyekuwa amekaa safu ya pili, aliinuka akatoka nje kupiga simu, na Bi Takwimu akajua ajira yake imekwisha kabla ya saa sita.

"Nani alimwagia?" hakimu akauliza.

Mzee wa Nyaya alikuwa amekaa safu ya mwisho, kofia juu ya magoti. Alikuwa amekuja kusikiliza kila siku ya kesi, bila kukosa. Kwa miezi saba Bi Takwimu alikuwa amejiuliza swali hilo kwa ajili ya dakika hii, na jibu lilikuwa halijawahi kumfurahisha. Alimtaja kwa kazi yake na akanyoosha kidole kilichobabuka.

Mzee akasimama. "Mama huyu hajasema uongo," akasema, akabaki amesimama mpaka askari walipomfuata.

Afisa Utumishi naye aliongozwa kizimbani kwa mkono. Alisema hakuona aliyemmwagia. "Lakini aliyekuwa ananiambia nisifumbe macho, sauti yake naijua. Ni huyu." Akageuza uso kuelekea kikohozi cha Mpishi. Mpishi aliachiwa siku ileile, mkono umeunga vibaya, kisogo kikiwa na kovu.

Siku ya tatu baada ya hukumu, mdogo wake Bi Takwimu alifika mapema asubuhi, ameshika mchi wa kutwangia. Hakubisha hodi. Aliweka kiti ndani ya mlango, akakaa, mchi mapajani.

"Wameapa sokoni," alisema. "Watoto wa yule mzee."

Hayo tu. Bi Takwimu akachemsha chai, wakainywa.

Walikuja saa nane mchana, wawili, watu wazima wenye ndevu. Kioo cha dirisha la mbele kiliingia ndani kwanza, halafu mkubwa akaingia kwa dirisha hilohilo, kwa hiyo kiti cha mlangoni hakikusaidia kitu. Alimfikia Bi Takwimu kabla hajainuka mezani. Ngumi ilimpata shavuni, akaanguka, na teke likamwingia mbavuni, la pili palepale. Hakusema neno. Alikuwa anapiga kama mtu anayefanya kazi ya zamu. Alipoinua mguu mara ya tatu, mchi ulimshukia gotini.

Alianguka kando ya Bi Takwimu, uso kwa uso, akishika goti lililokuwa limeangalia pasipo pake. Mdogo wake Bi Takwimu akainua mchi tena, juu ya kichwa safari hii.

"Mwache," Bi Takwimu akasema kutoka sakafuni. "Mwache, mdogo wangu."

Mchi ulikaa hewani muda mrefu. Kisha ukashuka polepole, ukagusa sakafu.

"Alibakiza miezi kumi na moja," yule mwanamume alisema kwa meno yaliyobanwa. "Kumi na moja, mama. Na nyumba haina paa."

"Najua," Bi Takwimu akajibu. Kila neno lilimchoma ubavuni.

Mdogo wa yule mwanamume alikuwa dirishani, mguu mmoja ndani mmoja nje, na ari yote imemtoka. Mdogo wake Bi Takwimu alimtazama kama mama anavyomtazama mtoto aliyerudi na nguo chafu.

"Wewe unasimama tu? Nenda katafute gari. Hawa wote wawili ni wa hospitali."

Kijana akaenda mbio. Mdogo wake akapiga magoti, akampapasa dada yake mbavu kwa ncha za vidole, moja baada ya nyingine.

"Hapa?"

"Chini kidogo."

"Hapa?"

"Hapohapo."

Gari lilikuwa dogo. Waliwabana wote kiti cha nyuma, Bi Takwimu dirishani, aliyevunjika goti upande wa pili, na mdogo wake katikati, mchi mapajani. Kila gari liliporuka shimo, wagonjwa wawili walivuta pumzi pamoja, naye akamwambia dereva aende taratibu.